Ngurumo Si Nguvu: Elimu ya Kutuliza Ekzosi ya Gari

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki umezuka ufundi mpya wa magari, na ufundi huo una sauti. Gari dogo lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, ambalo kiwandani lilitoka na sauti ya upole, hupelekwa gereji. Fundi hukata sailensa, huchomelea mahali pake bomba nene lililonyooka, na gari hutoka likinguruma kiasi cha kutikisa vioo vya madirisha. Mwenye gari huamini kwamba amenunua nguvu. Majirani waliokatizwa usingizi huamini kwamba wamenunuliwa maradhi. Katikati yao husimama askari wa usalama barabarani, mwenye sheria mkononi lakini aghalabu hana kipimo.

Sheria hazikosekani. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupita kiasi mwaka 2009, na Tanzania ikatunga zake mwaka 2015. Hata hivyo sheria hizo hugongana na imani inayoshikwa na wengi: kwamba kelele na nguvu ni pacha, na kwamba anayelinyima gari kelele analinyima nguvu. Mwenye gari akiishika imani hiyo, hurudisha bomba lake mara askari anapoondoka. Fundi akiishika, huuza ngurumo kwa bei ya nguvu. Hata askari akiishika, hudhani kwamba anamdai mwenye gari atoe mhanga sehemu ya nguvu ya injini yake kwa ajili ya utulivu wa umma. Hoja ya makala haya ni kwamba imani hiyo ni potofu. Ekzosi ya gari lililobadilishwa yaweza kutulizwa pasipo kupoteza nguvu ya maana, na wakati mwingine nguvu huongezeka. Kwa hiyo jambo hili lapaswa kuondolewa katika uwanja wa ugomvi na kuwekwa katika uwanja wa elimu.

Gesi na wimbi

Ili kuelewa jambo hili, ni lazima kwanza kutenganisha vitu viwili vinavyopita katika bomba moja. Katika injini ya mipigo minne, vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyomo ndani ya silinda bado ina shinikizo kubwa mara kadhaa kuliko hewa ya nje. Gesi hiyo hufyatuka kwa ghafla, kama kizibo cha chupa kinavyofyatuka. Tangu hapo safari mbili huanza kwa pamoja. Ya kwanza ni safari ya gesi yenyewe, ambayo ni moshi unaopaswa kutoka nje ili silinda ipokee hewa mpya. Ya pili ni safari ya wimbi la shinikizo, na hilo ndilo sauti.

Safari hizi hazifanani. Wimbi husafiri kwa mwendo wa sauti, ambao katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi ni mita 343 kwa sekunde, lakini katika gesi ya moto wa nyuzi 400 hufika mita 520 hivi. Gesi yenyewe huenda polepole zaidi. Mfano wake ni msafara mrefu wa watu waliosongamana: wa mwisho akimsukuma aliye mbele yake, msukumo hufika kichwani mwa msafara kabla yeye mwenyewe hajapiga hatua tatu. Gesi ni watu, na sauti ni ule msukumo. Sailensa njema humeza msukumo na kuwaacha watu wapite. Sailensa mbaya huwazuia watu ili kuzuia msukumo.

Sasa na ipimwe kelele kwa mizani ya nguvu. Injini ya nguvu-farasi 100 hutoa kazi ya wati 75,000 hivi. Na ichukuliwe ekzosi yenye kelele kali sana, desibeli 110 kwa umbali wa mita moja. Sauti hiyo ikienea sawasawa pande zote, hesabu ya fizikia huonyesha kwamba jumla ya nguvu yake haifiki wati moja na nusu. Kiasi hicho kinatosha kuwasha balbu ya tochi. Kwa hiyo ngurumo yote inayoamsha mtaa mzima haifiki hata sehemu moja katika elfu hamsini ya nguvu ya injini. Kuizima hakumpunguzii mwenye gari kitu, na kuikuza hakumwongezei. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na katika suala hili fizikia inawaunga mkono.

Kipimo cha desibeli nacho kinahitaji kuelezwa, kwa sababu hakihesabiwi kama kilo au mita. Sauti ikipunguzwa kwa desibeli 10, nishati yake hubaki sehemu ya kumi ya ile ya kwanza, ingawa sikio husikia kama imepungua nusu tu. Ikipunguzwa kwa desibeli 20, nishati hubaki sehemu ya mia. Kwa hiyo fundi anayesema kwamba amepunguza kelele kutoka desibeli 105 hadi 95 hajafanya kazi ndogo, hata kama tarakimu hizo mbili zinaonekana kukaribiana.

Chanzo cha imani potofu

Imani kwamba sailensa huiba nguvu haikuzuka bure. Miaka ya mwanzo ya magari, vyombo vya kunyamazisha vilikuwa vifaa vya kukwamisha. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1897. Mwaka 1909 Mmarekani mwingine, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya kinyamazishi cha bunduki, akaendelea kutumia maarifa yaleyale katika injini. Baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, ambayo majeshi ya kikoloni yaliitumia sana barani Afrika. Mtoto aligundua kwamba kishindo hutokana na gesi kuachiwa kwa ghafla, na kwamba gesi ileile ikiachiwa kidogo kidogo hupoteza ukali wake.

Kanuni hiyo ni sahihi, lakini utekelezaji wake wa bei rahisi ulileta dhara. Sailensa nyingi za magari ya kawaida hulazimisha gesi kuingia chumba kimoja, kugeuka, kurudi nyuma kwa tundu dogo, kisha kugeuka tena. Sauti hufa njiani, lakini gesi nayo huchelewa. Pistoni inapopanda kusukuma nje moshi uliobaki, hukuta upinzani, na kazi ya kuushinda upinzani huo hutolewa katika nguvu ya injini. Hilo ndilo shinikizo la nyuma ambalo mafundi hulitaja. Katika gari lisilobadilishwa hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa kiwanda kimeipima sailensa kwa kiasi cha gesi cha injini hiyo. Lakini injini ikiongezewa turbo au ikifanywa ivute hewa nyingi zaidi, sailensa ileile huwa koo jembamba kwa mtu mwenye pumzi kubwa. Mwenye gari analalamika kwa haki. Kosa lake ni kudhani kwamba dawa ya koo jembamba ni kukata shingo.

Baada ya kosa la kwanza huja la pili, kwamba bomba likizidi kuwa pana na tupu ndivyo nguvu inavyozidi. Hili pia si kweli. Gesi inayotoka kwa kasi katika bomba lenye upana wa kadiri huwa na mwendo wa kuvuta nyuma yake moshi uliobaki katika silinda. Bomba likipanuliwa kupita kiasi, mwendo huo hupungua, gesi hupoa na kuzorota, na mvuto huo hudhoofika. Hasara huonekana hasa injini inapozunguka polepole, yaani wakati wa kuondoka kwenye taa za barabarani, wakati wa kupanda mlima na katika msongamano. Hapo ndipo gari la mjini linapoishi. Yamkini dereva asiitambue hasara hiyo, kwa sababu kelele imeongezeka na sikio limemdanganya mguu. Injini haihitaji shinikizo la nyuma kama wengine wanavyosema, wala haihitaji tundu la pipa. Inahitaji njia laini yenye upana unaoilingana.

Ushahidi wa magari ya mashindano

Vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanalipenda gari la Subaru Impreza lenye turbo, na mapenzi hayo yana historia ya heshima. Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Mlio wa gari hilo, ambao ni wa kudundadunda kama ngoma isiyopigwa sawasawa, umekuwa nembo ya ushujaa. Lakini asili ya mlio huo ni nini? Injini ya gari hilo imelala bapa, nusu ya silinda zikiwa kushoto na nusu kulia, na turbo imewekwa upande mmoja. Mabomba yanayotoka upande wa mbali ni marefu kuliko ya upande wa karibu, na kwa hiyo mapigo ya gesi hufika mahali pa kukutana kwa nafasi zisizolingana. Sikio husikia mdundo huo wa kuruka na kuuita nguvu.

Mwaka 2003 watengenezaji walewale walitoa nchini Japani gari la Legacy lenye mabomba ya urefu unaolingana, na turbo yenye milango miwili ili mapigo yasigongane. Mlio ule ulitoweka kwa kiasi kikubwa, na turbo ikawa nyepesi kuitika injini ikiwa katika mwendo mdogo. Kwa maneno mengine, kile ambacho wapenzi wa gari hulipia fedha ili wakikuze, wahandisi wa kiwanda walikiona kuwa dalili ya dosari, wakakiondoa ili kupata manufaa.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi unatoka katika mashindano ya Formula 1. Hadi mwaka 2013 magari hayo yalikuwa na injini za silinda nane zenye ujazo wa lita 2.4, zilizozunguka hadi mara 18,000 kwa dakika, na watazamaji walivaa vizibo masikioni. Kuanzia msimu wa 2014 kanuni zilileta injini za silinda sita za lita 1.6 zenye turbo na mota za umeme, na kila gari likawekewa mpaka wa kilo 100 za mafuta kwa shindano moja. Mashabiki walilalamika kwamba magari yamekuwa kimya. Timu ya Mercedes ilijaribu hata kufunga bomba lenye mdomo wa tarumbeta katika mazoezi ya Barcelona mwaka huo ili kurudisha kelele, bila mafanikio. Lakini magari hayo hayakuwa dhaifu. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba injini yake, ikiwa katika mashine ya majaribio, imevuka kiwango cha kugeuza asilimia 50 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sababu moja ya ukimya ni kwamba gurudumu la turbo lilikuwa limekwisha kuchukua sehemu ya nishati ya gesi na kuifanya itumike. Katika magari hayo kelele ilipungua, na matumizi mema ya mafuta yakaongezeka.

Kazi ya fundi

Yafuatayo ni mambo ambayo fundi wa kawaida, mwenye mashine ya kuchomelea na bati zuri, anaweza kuyatekeleza. La kwanza ni kuziba uvujaji. Ekzosi inayovuja kwenye maungio karibu na injini hutoa kelele kabla haijafika kwenye sailensa, na hakuna sailensa iwezayo kunyamazisha sauti isiyopita ndani yake. Gasketi mpya na boliti zilizokazwa huweza kuleta utulivu kuliko mtungi mpya wa gharama kubwa.

La pili ni upana wa bomba. Bomba likiongezwa kipenyo kutoka milimita 50 hadi 60, nafasi ya kupitia gesi huongezeka kwa sehemu 44 katika mia, na kwa kiasi kilekile cha gesi upotevu wa shinikizo hupungua hadi chini ya nusu. Mara nyingi nyongeza ndogo kama hiyo, pamoja na kona zilizopindwa kwa mviringo badala ya kukatwa kwa pembe kali, hutosheleza gari lililoongezewa nguvu kwa kadiri.

La tatu ni aina ya sailensa. Iliyo bora kwa kazi hii ni ile iliyonyooka: bomba lenye matundu mengi madogo, kipenyo chake sawa na cha bomba kuu, limezungukwa na pamba ya kioo au ya chuma cha pua, na vyote vimefunikwa kwa mtungi wa nje. Gesi hupita katikati bila kugeuka wala kukwama. Wimbi la sauti, kwa kuwa hutanuka kila upande, huingia matunduni na nishati yake huishia katika pamba kama joto kidogo. Mtungi mrefu huzima zaidi kuliko mfupi. Kufunga sailensa mbili, moja katikati ya gari na nyingine nyuma, hufaa kuliko kutegemea moja. Pamba huchakaa kwa moto, hivyo mtungi ufanywe uweze kufunguliwa. Katika mwambao, ambako maji ya mvuke na chumvi hula bati upesi, tundu dogo chini ya mtungi huruhusu maji kudondoka.

La nne ni sauti nzito, ambayo pamba haiiwezi. Hii ndiyo sauti ya kuvuma ndani ya gari inayowachosha abiria safarini. Hesabu yake si ngumu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde. Katika gesi ya nyuzi 400, robo ya urefu wa wimbi la sauti hiyo ni mita 1.3. Basi fundi akichomelea ubavuni mwa bomba kuu tawi la bomba la urefu huo, lililozibwa mwisho wake, wimbi litaingia katika tawi, litagonga kizibo na kurudi likiwa kinyume cha wimbi linalokuja, na mawili hayo yatauana. Tawi laweza kupindwa lifuate fremu ya gari. Gesi haipiti humo hata kidogo, kwa hiyo halina upinzani wa maana kwa injini. Hapa fizikia imetoa ukimya karibu bila gharama.

La tano ni usalama. Bomba lisikatwe likaishia chini ya sakafu ya gari, kwa sababu moshi una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mdomo wa bomba lazima uvuke mwisho wa bodi. Vilevile kile kichujio cha moshi chenye madini ya platini, ambacho watu wengi hukiondoa na kukiuza, hakina budi kubaki. Huchuja sumu, na pia husaidia kutuliza sauti.

La sita, na pengine ndilo lililosahauliwa kuliko yote, ni kupima. Utaratibu wa kimataifa wa kupima ekzosi ya gari lililosimama huweka kipaza sauti umbali wa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, na injini huzungushwa hadi robo tatu ya mwendo unaotoa nguvu yake kuu. Nguvu nayo ipimwe kwa mashine, au kwa saa katika mlima uleule wenye usalama, kabla na baada ya kazi. Fundi asiyepima anauza hisia.

Pingamizi na majibu yake

Wako watakaosema kwamba kelele huokoa maisha, hasa kwa waendesha pikipiki, kwa kuwa madereva wengine husikia na kujihadhari. Pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa heshima. Mdomo wa ekzosi huelekea nyuma, ilhali hatari kubwa huja kutoka mbele. Uchunguzi wa Harry Hurt wa ajali za pikipiki huko California, uliochapishwa mwaka 1981, ulikuta kwamba katika zaidi ya robo tatu ya ajali hatari ilitokea upande wa mbele wa mwendeshaji. Taa iliyowashwa mchana na nguo inayong'aa humfikia dereva wa mbele kabla ya ngurumo inayokwenda nyuma.

Wengine watasema kwamba sauti ya gari ni furaha, na kwamba kijana aliyefanya kazi kwa jasho lake ana haki ya kufurahi. Ni kweli. Ngoma nzuri nayo ni furaha, lakini haipigwi hodini mwa mgonjwa saa nane ya usiku. Isitoshe, si lazima gari litulizwe hadi liwe bubu. Katika uwanja wa Laguna Seca, California, magari ya mashindano huwekewa mpaka wa desibeli zipatazo 90 yakipimwa kando ya njia, kwa ajili ya watu wanaoishi jirani, nayo hushindana kwa kasi ile ile ya mashindano. Mpaka huo haukuua mchezo. Uliwalazimisha mafundi kufikiri.

Dhara ya kelele si dhana ya watu wenye hasira. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri wastani wa kelele za barabarani kwa mchana na usiku usizidi desibeli 53, kwa sababu ya uhusiano wake na maradhi ya moyo na kukosa usingizi. Kwa fundi na dereva wenyewe, sauti ya desibeli 85 kwa saa nane za kazi huhesabiwa kuwa mpaka wa usalama wa masikio, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo hupungua nusu. Kwa desibeli 100 muda uliobaki ni dakika 15 tu.

Lakini ushahidi unaopaswa kuwagusa wazazi wote ulitoka katika shule moja ya New York iliyojengwa kando ya reli ya juu. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile, na kwamba kufikia darasa la sita walikuwa wamechelewa kwa karibu mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mipira na madarasa yakawekewa dari ya kumeza sauti. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1981 ulikuta kwamba tofauti ile imekwisha. Watoto hawakubadilishwa, wala walimu hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni kelele. Nani asiyejua ni shule ngapi za Afrika Mashariki zina madirisha wazi yanayotazama barabara kuu?

Linalopasa kufanywa

Ni dhahiri kwamba faini peke yake haitaleta utulivu. Mtu anayeamini kwamba serikali inamnyang'anya nguvu ya gari lake atalipa faini na kuificha dhambi yake. Mtu aliyeonyeshwa kwa kipimo kwamba nguvu yake ingalipo atakubali kwa hiari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya wanasayansi. Idara za uhandisi za vyuo vikuu zina wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada za majaribio. Na wapewe sailensa tatu zilizotengenezwa na mafundi wa hapa nchini, wazipime kwa sauti na kwa nguvu, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili ili yasomwe gereji. Mchoro wa sailensa iliyofaulu, pamoja na vipimo vyake vyote, utolewe bure.

Kazi ya pili ni ya vyuo vya ufundi. Somo la ekzosi lisiwe la kuchomelea tu. Fundi afundishwe kukokotoa urefu wa tawi la bomba na kuchagua kipenyo kwa kiasi cha gesi, kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaziweza. Mafundi wa jua kali, ambao kwa bati chakavu hutengeneza majiko, masanduku na vyombo vya shamba, hawashindwi na mtungi wenye bomba la matundu ndani yake. Wamekosa mchoro, hawakukosa mikono.

Kazi ya tatu ni ya mamlaka. Askari apewe kipimo cha sauti na utaratibu wa nusu mita uliotajwa, ili asihukumu kwa sikio lake. Mwenye gari linalozidi mpaka apewe muda wa kulirekebisha na kulirudisha likapimwe tena, kabla faini haijatozwa. Na mizani iwe moja kwa wote: basi la abiria na lori la kampuni vipimwe sawa na gari la kijana, la sivyo sheria itaonekana kuwa chuki dhidi ya ujana.

Tayari pikipiki na mabasi ya umeme yameanza kupita katika barabara za miji hii, na nguvu yake haina ngurumo. Huko Ulaya, tangu mwaka 2019 aina mpya za magari ya umeme zilitakiwa kuongezewa sauti ya kutengenezwa ili waenda kwa miguu wayasikie yanapokwenda polepole. Dalili hiyo inatosha kuonyesha kwamba nguvu na kelele zilikuwa zikisafiri pamoja kwa bahati tu, si kwa udugu. Lakini injini za petroli zitaendelea kuwapo kwa miaka mingi, na watoto watakaolala karibu na barabara hawawezi kuingoja zamu ya umeme. Maarifa ya kuzituliza yapo, chuma kipo, na mafundi wapo. Anayetaka kujua nguvu ya gari na alitazame likipanda mlima likiwa limejaza abiria. Masikio hayajapata kuwa kipimo cha nguvu.